Kijiko cha Maji Kabla ya Bakuli la Uji

Mgonjwa wa kiharusi akisha kulazwa, swali la kwanza la jamaa zake, baada ya lile la kama atapona, huwa ni kama amekula. Swali hilo lina asili katika malezi yetu mema, kwa kuwa watu wa pwani na wa bara vile vile tumekuzwa katika itikadi kwamba mgonjwa asiyekula amekwisha kuiaga dunia, na kwamba jamaa aketiye kando ya kitanda pasipo kumtilia mgonjwa wake kitu kinywani amefanya taksiri itakayosemwa hata matangani. Basi saa ya kutazama wagonjwa inapowadia, chupa za uji hufunguliwa, machungwa hukamuliwa, mchuzi wa kuku humiminwa bakulini, na mgonjwa ambaye nusu ya uso wake imelegea na macho yake yamo baina ya usingizi na kuamka huinuliwa kichwa kwa mkono mmoja na kulishwa kwa mkono wa pili. Rai yangu ni kwamba kijiko hicho, kikitangulia kabla ya mgonjwa kupimwa kama aweza kumeza, ni miongoni mwa mambo ya hatari kubwa yanayofanyika ndani ya hospitali zetu, na kwamba dhima yake haimwangukii jamaa aliyekishika. Inaiangukia hospitali ambayo haikumpima mgonjwa wala haikumwambia jamaa neno.

Kumeza ni kazi ambayo mtu mwenye siha huifanya mamia ya mara kila siku pasipo kuitia maanani. Walakini kwa ubongo ni kazi nzito. Misuli zaidi ya 30 hushiriki, ikiamrishwa na jozi 5 za mishipa ya fahamu itokayo kichwani: ulimi husukuma tonge nyuma, kaakaa laini hupanda ili chakula kisitokee puani, pumzi husita, kongomeo huinuka na kujifunga, na mlango wa umio, ambao aghalabu umebana, hulegea kwa muda usiofika hata sekunde moja ili tonge lipite. Yote haya hayana budi kutukia kila moja kwa zamu yake, kwa sababu Muumba ameifanya njia ya hewa na njia ya chakula kuwa moja hadi nyuma ya ulimi, na hapo ndipo zinapoachana, moja ya mbele ikielekea mapafuni na ya pili ya nyuma ikielekea tumboni. Mwenye kutoa amri ni shina la ubongo, likisaidiwa na pande zote mbili za ubongo wa juu. Na ubongo ukipata dhara, ama kwa mshipa kuziba au kupasuka, ama kwa kichwa kugongwa katika ajali ya bodaboda, ama kwa uvimbe, ama kwa pepopunda, mpango huo huvurugika hata kama mgonjwa bado ana meno yake yote na hamu yake ya chakula.

Katika wagonjwa wapya wa kiharusi, wanaopatwa na shida ya kumeza hukaribia nusu, na wakichunguzwa kwa vyombo huzidi nusu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2005 yalikadiria kwamba mwenye shida hiyo huandamwa na nimonia mara 3 kuliko asiye nayo, na yule ambaye imethibitika kuwa chakula au maji humwingia mapafuni huandamwa nayo mara 11. Hesabu hizi zatuhusu sisi hasa, madhali utafiti uliofanywa Dar es Salaam na wilayani Hai, ukatolewa mwaka 2010, ulikuta mjini Dar es Salaam wagonjwa wapya wa kiharusi wapatao 316 katika kila watu 100,000 kwa mwaka, baada ya kulinganisha umri, na hicho ni kiwango ambacho miji mingi ya dunia haijapata kukifikia.

Linalozidisha balaa ni kwamba hatari hii aghalabu haina sauti. Mtu mzima mwenye afya akipaliwa hukohoa mpaka machozi yakamtoka, na kikohozi hicho ndicho kinachomwokoa. Lakini mshipa wa fahamu unaolitia koo hisia ukiwa umepooza, maji yaweza kuteremka mapafuni yakatua huko na mgonjwa asikohoe hata mara moja, hata uso wake usibadilike. Jamaa humaliza bakuli akashukuru, akasema leo mgonjwa amekula vizuri. Siku ya tatu homa inapanda, pumzi zinakwenda mbio, daktari anaandika nimonia, na nyumbani inasemwa kuwa ni baridi ya wodini au ni ajali iliyokuwa imekwisha andikwa. Mimi sikanushi kuwa ajali huandikwa. Nauliza tu kwa nini tuiharakishe kwa kijiko.

Wako kadhalika wale waliokuwa katika mashine ya kupumulia. Mrija wao hupitishwa kinywani, ukapenya katikati ya nyuzi za sauti, ukakaa hapo siku kadhaa wa kadhaa; na unapotolewa, koo huwa limevimba, limeumia, na limesahau kazi yake. Katika utafiti wa hospitali kuu ya Bern, Uswisi, uliotolewa mwaka 2017, watu 12 hivi katika kila 100 waliotolewa mrija huo walionekana hawamezi sawasawa, na wengi wao waliondoka hospitalini wakiwa vivyo hivyo. Na hao walikuwa wagonjwa mahututi wa kila namna, seuze wale ambao ubongo wenyewe ndio ulioumia. Wengine hutobolewa tundu shingoni wakawekewa mrija wenye puto dogo linalojazwa hewa, na imeenea dhana, hata kwa baadhi ya wauguzi, kwamba puto likisha kujazwa mgonjwa aweza kulishwa bila hofu kwa kuwa njia imezibwa. Dhana hiyo ni batili. Kitu kikifika juu ya puto kimekwisha kupita nyuzi za sauti, nacho hujipenyeza pembeni yake polepole.

Fauka ya hayo, kumnyima mgonjwa chakula si kumaliza hatari, kwa kuwa mate nayo ni maji, na kinywa hutoa kadiri ya lita moja kwa siku. Kinywa cha mgonjwa asiyejiweza ambacho hakijasuguliwa tangu alipolazwa hugeuka shimo la vijidudu, na mate hayo ndiyo yanayomteremkia mapafuni usiku kucha. Huko Japani, utafiti uliotolewa mwaka 2002 uliofanywa katika nyumba za kutunzia wazee ulionyesha kuwa wale waliosafishwa vinywa baada ya kila mlo walipata nimonia kwa uchache kuliko wenziwao. Mswaki na kitambaa laini hupatikana kila duka. Hata hivyo ni mara chache nimeona katika orodha ya kazi za wodini sehemu ya kuandikwa kuwa kinywa cha fulani kimesafishwa saa fulani, ilhali joto lake na mkojo wake vimeandikwa kwa uangalifu mkubwa.

Sasa nije kwenye kupima kwenyewe, maana watu wakisikia neno hilo huwaza mtambo wa mamilioni. Mjini Gugging, karibu na Vienna, kilitungwa kipimo kilichotangazwa mwaka 2007, ambacho muuguzi aliyefundishwa hukifanya kando ya kitanda kwa muda mfupi. Kwanza hutazama kama mgonjwa yu macho na aweza kukaa kitako akabaki macho. Asiyeweza hapewi kitu, basi. Kisha humwambia akohoe, akasafishe koo, akameze mate yake mwenyewe, huku muuguzi akiangalia kama udenda unamtoka na kama sauti yake ina majimaji. Akifaulu hapo ndipo anapopewa nusu kijiko cha chai cha maji yaliyotiwa unga wa kuyafanya mazito, kisha vijiko vichache zaidi. Halafu maji matupu kwa vipimo vya kupanda, mililita 3, 5, 10, 20, na mwisho 50. Na akivuka yote ndipo anapopewa kipande kikavu cha mkate. Baada ya kila funda muuguzi husubiri na kumtaka mgonjwa atamke irabu moja, akisikiliza kama sauti imebadilika, kwa sababu maji yaliyotua juu ya nyuzi za sauti huifanya ilie kama ya mtu anayesukutua. Dalili moja tu, kikohozi, udenda, kuchelewa kumeza au mabadiliko ya sauti, yatosha kusimamisha kipimo hapo hapo. Mgonjwa akifika mwisho hupata alama 20.

Msomaji atakuwa ametambua kwamba kipimo hiki hutanguliza maji mazito kabla ya maji matupu, na hapo pana jambo ambalo laiti kila nyumba ingelijua. Sisi huona kuwa mgonjwa asiyeweza kula ugali angalau anywe uji, na asiyeweza uji angalau apewe maji, kana kwamba maji ni kitu cha mwisho kumshinda mtu. Kwa koo lililopooza mambo yamepinduka: maji hukimbia, hufika njia panda kabla ya kongomeo kujifunga, na kitu kizito kiasi ndicho kinachompa mgonjwa wasaa wa kujiandaa. Funda la maji la huruma ndilo lenye hatari kuliko yote.

Je, kupima huko kuna faida iliyothibitika, au ni adabu za hospitali tu? Katika jimbo la New South Wales huko Australia, muuguzi na profesa Sandy Middleton na wenzake waligawa wodi 19 za kiharusi katika mafungu mawili kwa kura. Fungu moja likaendelea na desturi yake, na wauguzi wa fungu la pili wakafundishwa mambo matatu: kuishusha homa, kuidhibiti sukari ya damu, na kupima kumeza ndani ya saa 24 za kulazwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Baada ya siku 90, waliokuwa wamekufa au kubaki wategemezi walikuwa 58 katika kila 100 kwa wodi za desturi, na 42 katika kila 100 kwa wodi zilizofundishwa. Insafu yanilazimu kuongeza kwamba mambo yale matatu yalikwenda pamoja, kwa hiyo haiwezekani kusema ni sehemu gani ya faida iliyotokana na koo na ipi iliyotokana na homa au sukari. Lakini katika yote matatu hapakuwa na dawa mpya wala mashine mpya. Palikuwa na wauguzi waliopewa maarifa pamoja na mamlaka ya kuyatumia.

Najua jawabu litakalotolewa na wakubwa: kwamba hatuna wataalamu. Ni kweli kuwa wataalamu wa tiba ya usemi na umezaji ni wachache mno kwetu. Afrika Mashariki ilianza kuwafundisha kwa shahada katika Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2008, na hata leo wilaya nyingi hazijapata kumwona mmoja. Inafaa waongezwe, na inafaa hospitali kubwa za rufaa ziwe na kamera nyembamba ya kupitishwa puani ili koo lionekane kwa macho, kwani kipimo cha kijiko hakigundui kila kinachopita kimya kimya. Lakini hoja ya upungufu huo haimzuii muuguzi kuanza kesho. Wala simo katika wale watakaosema tungoje mitambo ya kulisisimua koo kwa umeme, ingawa jaribio lililotolewa mwaka 2018 lilikuta kuwa karibu nusu ya wenye mirija shingoni waliotibiwa hivyo walikuwa tayari kutolewa mrija, ilhali katika wasiotibiwa hawakufika mmoja katika kumi. Ni habari njema, na zamu yake itafika.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo nalihofu karibu sawa na la kwanza. Ni la kutundika kibao cha kukataza chakula juu ya kitanda kisha kumwacha mgonjwa na dripu ya sukari juma zima, akinyauka, kana kwamba kukataza ndiyo tiba. Asiyeweza kumeza ana haki ya kulishwa kwa njia nyingine, na njia hiyo ni mpira wa puani uendao tumboni, uwekwe mapema, ndani ya siku za mwanzo. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2005, uliokusanya wagonjwa wa kiharusi wa nchi nyingi, ulielekea kuonyesha kuwa kulisha mapema kwa mpira kwaweza kupunguza vifo, na ulionyesha pia kwamba katika majuma mawili matatu ya kwanza mpira wa puani wafaa kuliko kukimbilia kutoboa tumbo. Mpira nao una masharti yake. Hakikisho la kuwa umefika tumboni hupatikana kwa kupima uchachu wa maji yanayovutwa kutoka ndani yake, au kwa picha ya eksirei. Kusikiliza hewa kwa kipimo cha kifuani, desturi ambayo bado imeshika mizizi, hakutoshi. Na mgonjwa alazwe kichwa kikiwa juu, nyuzi 30 hadi 45, maana chakula kilichofika tumboni kwa mpira chaweza kurudi kooni kwa njia yake.

Jamaa wengi huuogopa mpira huo kuliko maradhi yenyewe. Husema fulani amekwisha kutiwa mipira, na kwa kauli hiyo humhesabu katika wafu. Wangeambiwa tu kwamba wengi hurejewa na uwezo wa kumeza baada ya siku chache au majuma mawili, kwa kuwa upande mzima wa ubongo hujifunza kushika kazi ya upande ulioumia, kama tafiti za Manchester za miaka ya 1990 zilivyobainisha, hofu hiyo ingepungua nusu. Lakini nani huwaambia? Daktari hupita asubuhi kwa haraka, jamaa wamefungiwa nje ya lango, na wanaporuhusiwa kuingia daktari amekwisha ondoka.

Liko pia jambo la dini, ambalo watu wa hospitali hulikwepa na mimi naona si vema kulikwepa. Katika miji ya pwani, mgonjwa wa kupooza huandikiwa kombe: aya huandikwa kwa zafarani katika sahani nyeupe, ikaoshwa kwa marashi mawaridi, na maji yale yenye rangi ya manjano hutiwa katika chupa yakaletwa hospitalini, wengine huleta zamzam iliyohifadhiwa kabatini tangu jamaa aliporudi hija. Mama aliyeleta chupa hiyo hatazuiwa na kibao. Akifukuzwa mchana atarudi jioni, na atainywesha kwa siri mgonjwa akiwa amelala chali, ambalo ndilo lalo baya kuliko yote. Muuguzi mwenye busara humwita pembeni, akamweleza hali ya koo, akakubaliana naye kuwa kombe lipakwe kipajini, kifuani na katika viungo vilivyolegea, kwani watu wenyewe wanajua kuwa liko la kunywa na liko la kuoga, na kwamba midomo ilowanishwe kwa pamba iliyokamuliwa. Mazungumzo hayo ya dakika tano naona yana kinga zaidi kuliko amri zote za ukutani, na sharti la kuwa nayo ni kumheshimu yule mama.

Lakini heshima hiyo itakuwa na nguvu gani ikiwa hospitali yenyewe ndiyo ya kwanza kuivunja kanuni? Natazama vidonge. Mgonjwa aliyepigwa marufuku uji hupewa dawa ya presha na ya kifafa kwa glasi ya maji, kwa sababu dawa si chakula. Na jamaa, ambaye si mjinga, huona na kuhitimisha kuwa marufuku ile ni ya maneno. Kidonge ni kigumu na maji yake ni mepesi, basi mgonjwa hutiwa hatari mbili kwa mkupuo mmoja. Hata aspirini ya kiharusi, ambayo ina faida yake, ingoje kipimo cha koo au ipitishwe njia nyingine. Na kabla ya kusaga kidonge ili kipite mpirani aulizwe mfamasia, kwa maana vimo vidonge vilivyotengenezwa kuyeyuka polepole ambavyo vikisagwa humwaga dawa ya siku nzima kwa mara moja.

Ninachotaka kwa wizara zetu za afya ni kidogo na kina gharama ndogo. Fomu ya kumlaza mgonjwa wa ubongo iwe na mstari mmoja wa kuandikwa saa aliyopimwa kumeza, na jina la aliyempima. Na hadi mstari huo ujazwe, asipewe kitu kinywani, chakula, maji wala kidonge. Muuguzi wa zamu awe na idhini ya kuamua pasipo kungoja saini ya daktari. Mgonjwa asiyefaulu apimwe tena kila siku, maana koo lililoshindwa Jumatatu laweza kuweza Alhamisi.

Na siku ya ruhusa, ambapo mgonjwa anarudi nyumbani na mtaalamu wake wa kumeza anakuwa binti yake au mkewe, jamaa huyo afundishwe kwa vitendo, si kwa karatasi. Vipimo vya unene wa vinywaji vilivyowekwa na wataalamu wa nchi nyingi, ambao waliunda jopo lao mwaka 2013, havihitaji zaidi ya bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano: bomba hujazwa uji, kidole hutolewa chini, na baada ya sekunde 10 hutazamwa kiasi kilichobaki ndani, ukibaki chini ya mililita 4 uji ni mwepesi mno kwa mtu ambaye daktari ametaka wake uwe mzito. Apime ukiwa katika joto lile lile la kunywewa, kwa sababu uji wa ulezi au wa sembe ukipoa huganda. Kisha amlishe mgonjwa mbele ya muuguzi, mgonjwa amekaa wima, kijiko kidogo, funda moja lipite kwanza ndipo la pili lije, redio imezimwa, na abaki ameketi nusu saa baada ya mlo. Unene aliokubaliwa uandikwe katika cheti cha ruhusa, pamoja na tarehe ya kurudi kupimwa tena.